Nukta ya Penseli Silanga

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu niliajiriwa kwa majaribio katika idara ya wadudu, na kazi yangu ilikuwa nondo. Nikisema hivyo watu wengi hudhani nilikuwa nawaua wasitoboe nguo. Sivyo. Nilikuwa nawakusanya, nawatafutia majina kwa kuwalinganisha na wale waliokuwa ndani ya makabati ya idara, kisha naandika walikoonekana. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Jina unaweza kulipata ukiwa umeketi, ukiwa na lenzi na subira. Lakini ili useme kwamba nondo fulani anaishi mahali fulani, lazima mtu awe amekwenda hapo akamwona.

Kila aina ya nondo ilikuwa na ramani yake ya Kenya, karatasi moja, na kila mahali ilipopatikana palitiwa nukta ya wino mweusi. Ukizitandaza ramani hizo mezani unaiona nchi kwa namna nyingine kabisa: huyu anafuata pwani, yule hapendi ila milima, mwingine anazunguka ziwa na haendi mbali nalo.

Makabati yalisimamiwa na mzee mmoja aliyeanza kazi hapo wakati wa ukoloni, akiwachomea Wazungu pini kwenye nondo wao. Walipoondoka, makabati yakabaki naye. Yeye hakuwa na cheti chochote, mimi nilikuwa na shahada, na siku ya kwanza tu sote wawili tuliona nani angemfundisha mwenzake.

"Nondo bila lebo ni vumbi lenye mbawa," aliniambia.

Lebo ilikuwa kikaratasi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye mistari mitatu: mahali, tarehe, aliyekusanya. Kinachomwa na pini ileile inayomshika nondo ili visije vikaachana.

Siku nilipomuuliza majaribio huishaje, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye droo. "Mkuu wa idara akishuka huku mwisho wa mwaka hatakuuliza umesoma nini. Atauliza nukta yako ni ipi."

Kila aliyebaki katika idara ile alikuwa na nukta yake, yaani mahali ambapo nondo fulani hakuwa amewahi kuandikwa mpaka yeye alipomwandika. Waliokosa walipewa barua ya shukrani. Miezi kumi ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa na masanduku matatu ya nondo, wote wakiwa wamepatikana palepale vitabu vilipowataja.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, nikienda hatua ishirini narudi tena. Baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti yake anafanya kazi ya serikali Nairobi, na kila jioni katika chumba changu cha kupanga Kawangware nilitunga namna ya kumwambia kwamba sasa hafanyi. Kufikia wakati huo nilikuwa na barua nane kichwani. Ya tano ilikuwa nzuri kidogo.

Wenzangu walikusanya misituni na milimani, wakienda na gari la idara. Mimi sikuwa na ujasiri wa kuomba gari. Nikawaza kwamba kando ya bwawa la Nairobi, upande wa Kibera, kuna maji, matete na mashamba ya mboga, na hakuna aliyewahi kukusanya pale kwa sababu hakuna aliyefikiri pana kitu. Basi siku tatu kwa wiki nilitoka Kawangware kwa miguu asubuhi na mapema, nikapita chini ya taa za mtaa wa Ayany kabla wafagiaji hawajafika, nikakagua kuta na nguzo walipoangukia usingizi nondo waliovutwa na mwanga, kisha nikateremka Silanga, kitongoji cha Kibera kinachopakana na bwawa.

Mwanzoni watu wa Silanga walidhani natoka baraza la jiji, nimekuja kuandika vibanda vya kubomolewa. Wakanijibu salamu huku wakitazama mikono yangu. Walipoona nafungua kichupa na kumtia mdudu ndani, hofu ikageuka mzaha.

"Msomi, leo umeshika ngapi?"

"Wanne."

"Kuja kwangu, kuna kunguni. Hata chupa nitakupatia."

Mwenye maneno kuliko wote alikuwa mama mmoja muuza makaa. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, alipanga chumba Soweto West, na kibanda chake kilikuwa Silanga mahali ambapo lori lingeweza kufika bila kukwama. Aliniita nyathina, mwanangu kwa Kijaluo, tangu siku ya kwanza, wakati wengine bado wananiita wewe msichana. Siku moja alitaka kujua dudu zangu haziozi kwa nini. Nikamweleza kwamba nazikausha, naziweka kwenye sanduku pamoja na dawa ya nondo.

"Dawa ya nondo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ile nyeupe, ya kufukuza nondo kwa nguo."

"Kuna wadudu wadogo ambao hula wale waliokauka, sasa hiyo dawa..."

"Unafukuza nondo ndio uweke nondo." Aliwageukia wateja wake. "Na huyu ndiye serikali imesomesha."

Asubuhi moja alinipigia makofi toka mbali. Debe lake la kupimia makaa lilikuwa limegeuzwa chini juu kando ya kibanda, na jiwe juu yake. Wanawake wawili walikuwa wamesimama na karai zao, nyuso zimenuna.

"Hawa nimewaambia hakuna makaa mpaka ufike," alisema. "Nimekufungia mtu hapa ndani. Alikuwa ameshika hiyo nguzo. Nimemchukua na karatasi, polepole, usiseme nimemharibu."

Nilipiga magoti, nikainua debe. Alikuwa mpana kama kiganja changu kilichokunjuliwa, rangi ya chai ya maziwa, na kila ubawa ulikuwa na duara moja. Katikati ya kila duara palikuwa na kidirisha kisicho na rangi kabisa, kama kipande cha nailoni, nami niliona mavumbi ya makaa kupitia mbawa zake. Kingo za mbawa zilikuwa bado laini. Alikuwa ametoka tu kuzaliwa.

"Ni mzuri?" mama makaa aliuliza.

"Sijui."

"Hujui kama ni mzuri?"

"Sijui ni nani."

"Si uende sasa ukajue. Hawa wanataka kupika."

Nilimtia kwenye chupa ya dawa ya kuulia siku hiyohiyo. Nilijiambia kwamba nondo wa jamii ile hana mdomo wa kulia chakula. Akishapata mbawa huishi siku chache tu kwa akiba aliyoila alipokuwa kiwavi. Ni kweli, lakini sikuitafuta kweli hiyo kwa ajili yake. Niliitafuta kwa ajili yangu.

Ilinichukua siku tatu kumtambua. Vipapasio vya dume huwa vipana kama unyoya, vya huyu vilikuwa vyembamba, na tumbo lilikuwa limejaa mayai. Kwa hiyo jike. Hilo lilikuwa rahisi. Baadaye nilihesabu mishipa ya mbawa, nikapima madirisha, nikalinganisha mstari wa nje wa ubawa na ule wa nondo watatu waliofanana naye. Niliandika kurasa sita za mashaka, nikazipeleka kwa mzee wa makabati. Alimtazama nondo, hakuzitazama kurasa.

"Ni yeye," alisema, akalitaja jina lake la kisayansi kama mtu anayemwita jirani.

"Lakini mzee, mstari huu wa nje umepinda zaidi."

"Ningeshindwa kumtambua shangazi yangu kabla ya kushindwa kumtambua huyu."

Alifungua droo ya ramani. Nukta za nondo huyo zilianza ng'ambo ya Machakos, zikateremka nchi kavu yote mpaka karibu na pwani. Nyanda za juu hazikuwa na hata moja. Nairobi palikuwa peupe. Mzee alichonga penseli kwa wembe, akaweka nukta ndogo kando ya bwawa, akapuliza unga.

"Wino tutatia Ijumaa, mkuu akishuka," alisema. "Sasa andika lebo yako."

Niliandika: Silanga, Kibera. Tarehe. Jina langu.

Nilikwenda kumwambia mama makaa. Aliacha kupima, akafuta mikono kwenye leso.

"Imeandikwa kwa ramani?"

"Kwa penseli. Ijumaa itakuwa wino."

"Silanga?"

"Silanga."

"Hata barabara yetu haiko kwa ramani," alisema, na kuanzia hapo kila mteja aliyekuja alipewa makaa pamoja na habari. Mkata mboga za sukuma mmoja aliuliza kama sasa serikali italeta maji kwa sababu ya nondo. Mama makaa alimwambia aanze yeye kwa kujulikana, maana kwa miaka yote hiyo hakuna mtu amemweka kwenye ramani yoyote.

Jumatano, mzee wa makabati aliniuliza kitu akiwa anakunywa chai, kama mtu anayeuliza kuhusu mvua.

"Kiwavi wake anakula nini huko kwenu Silanga?"

Nilijua jibu la vitabuni. Hula majani ya mti wa nchi kavu, ule ambao gome lake hubanduka kama karatasi, ambao huko Ukambani watu huupanda kuwa ua wa boma. Kama unaota Silanga, hilo sikulijua.

"Na yule jike," aliendelea, "ulimweka hapo usiku mmoja kwa kikapu? Jike ambaye hajaguswa na dume anaita kwa harufu. Kama madume wako karibu, asubuhi utawakuta wameshika kikapu kwa nje."

Sikuwa nimefanya hivyo. Nilikuwa nimeogopa ataharibika au ataibwa au paka atamla. Nilikuwa nimeshuku mishipa, madirisha, mistari, lenzi na macho yangu mwenyewe. Kitu kimoja tu sikuwa nimekishuku, nacho ni mahali, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale kwa miguu yangu miwili.

Alhamisi nilitafuta mti ule tangu asubuhi. Nilizunguka bwawa upande unaozungukika. Niliona mikaratusi, matete, migomba, mibono, na sukuma wiki mpaka macho yakawa ya kijani. Nilipapasa magome ya kila mti kama kipofu. Mchana nilirudi kibandani kwa mama makaa, nikaketi juu ya gunia tupu bila kuomba ruhusa.

Lori lilikuwa limetoka kushusha. Mama alikuwa anafungua magunia mapya, nami nilikuwa namtazama tu, jinsi nilivyokuwa nimemtazama mara nyingi. Gunia la makaa halifungwi kama la mahindi. Hujazwa mpaka makaa yapite mdomo, kisha juu yake hushindiliwa matawi mabichi na majani, na kamba ya katani inasukwa huku na huku kuyashikilia. Mama alikata kamba, akazoa matawi yote kwa mkono mmoja, akayatupa nyuma ya kibanda ambako palikuwa na lundo la kuwashia moto. Akaenda gunia la pili. Akakata, akazoa, akatupa.

Nilisimama nikaenda nyuma ya kibanda. Lundo lilikuwa la majuma kadhaa. Nilianza kulipekua tawi moja baada ya jingine, na nilipofika karibu na chini nilikiona: kifuko alichojisokotea kiwavi, cha nyuzi za kijivu, kimegandishwa kwenye kitawi pamoja na jani lililokauka. Kilikuwa kitupu, na tundu upande mmoja. Nilipitisha kidole kwenye kitawi. Gome lilibanduka kama karatasi.

"Umepata ingine?" mama makaa aliuliza nyuma yangu.

"Makaa haya yanatoka wapi, mama?"

Alimwita utingo wa lori aliyekuwa anakunja turubai. Akajibu kwamba ni huko chini, kupita Kibwezi. Kibwezi palikuwa na nukta. Mbili.

Nilimweleza mama makaa yote, nikienda mbele na kurudi nyuma kama kawaida yangu, na nilipomaliza nikaona kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu. Alikichukua kile kifuko akakitazama ndani kwa jicho moja.

"Kwa hivyo si wa hapa," alisema.

"Si wa hapa. Lakini hakuna anayejua. Ni mimi tu, na wewe. Kesho ni wino."

"Na ukisema?"

"Nukta itafutwa. Na mimi sina nyingine."

Alikaa kwenye jiwe lake. "Mimi pia nilikuja na lori," alisema. "Juu ya magunia ya samaki, nikanuka wiki mzima. Na watu wa kuhesabu watu walipokuja walinihesabu hapa. Hawakuniuliza lori."

Nilidhani ananionyesha njia, na nikaishika haraka. "Basi hata yeye anaweza kuhesabiwa hapa."

"Wewe nyathina, ngoja. Huyo dudu yako alikuwa na bwana hapa?"

"Hapana."

"Watoto?"

"Hapana. Mayai tu, na hayakuwa na baba."

"Chakula yake iko?"

"Nimetafuta tangu asubuhi, sijaupata."

"Mimi nimezaa hapa watoto wanne, na nimezika mmoja hapo Langata." Alinirudishia kifuko. "Mimi ni mtu wa hapa. Huyo alikuwa mgeni, alishuka kwa gari akakutana na debe. Andika mgeni. Hawa watu wa Silanga nitawaambia mimi, na watanicheka mpaka Krismasi, lakini hiyo ni yangu."

Usiku huo niliitunga barua ya tisa.

Ijumaa niliwahi kuliko mzee. Alipoingia nilikuwa nimeweka kitawi na kifuko mezani. Aliviangalia, akavuta droo, akatoa raba. Alifuta nukta taratibu, akiizunguka, kama mtu anavyopangusa jicho la mtoto. Kisha akaniongoza mpaka kabati la mwisho kabisa, ambalo sikuwahi kulifungua. Ndani yake mlikuwa na nondo wa kila aina waliopangwa bila kufuata jamii zao. Mmoja alikuja na mkungu wa ndizi, wengine wawili na mbao, mmoja ndani ya sanduku la vitabu toka Ulaya.

"Wageni," alisema. "Wengi hapa ni wangu. Huyu wa kwanza nilimpeleka kwa bwana mkubwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alinicheka mbele ya watu."

Mkuu alishuka saa nne. Aliiona ramani mezani, na palipokuwa na penseli karatasi ilikuwa inang'aa kidogo.

"Hapa palikuwa na nini?"

Nilimwambia. Nilianza na taa za Ayany, nikaingia kwenye vipapasio, nikafika kwenye kamba ya katani na jinsi inavyosukwa, mpaka mzee akakohoa. Mkuu alikitazama kifuko.

"Ungenyamaza siku moja tu, tungetia wino," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Mwingine angekuja kugundua mti huo haupo, baada ya miaka. Angetuuliza sisi." Akaenda kwenye meza nyingine.

Barua yangu ilikuja wiki iliyofuata. Haikuwa ya shukrani, wala haikuwa ya kuthibitishwa kazini. Majaribio yaliongezwa miezi sita. Kwa baba niliandika kwamba niko salama na kazi inaendelea, nikaziacha zile tisa zote.

Ilibaki lebo. Nilikuwa nimeongeza kikaratasi cha pili: alitoka kwenye tawi la gunia la makaa, gunia kutoka upande wa Kibwezi. Mzee alikisoma, akaweka kidole kwenye kile cha kwanza, mstari wa tatu.

"Aliyekusanya. Ni wewe uliyemshika?"

Nilikuwa nimezungusha mambo kichwani majuma mawili na hilo halikunijia.

Nilikwenda Silanga kumuuliza mama makaa jina lake kamili. Alinipa matatu, la ubatizo, la baba na la bwana, akakataa lolote liachwe. Niliandika upya kikaratasi cha kwanza kwa nibu nyembamba kuliko zote, na kabla ya kukichoma pini nilikipeleka akakione. Nilimpa lenzi. Alikishika kikaratasi mbali, kisha karibu, kisha mbali tena, akiyasoma majina yake kwa midomo.

"Mbona ndogo hivi?" aliuliza. "Unaogopa nani?"

Nilimwambia ni desturi ya lebo. Alinirudishia lenzi, akaenda kwenye gunia lililokuwa linangoja, akakata kamba. Safari hii hakuyazoa yale matawi. Aliyatoa moja moja, akiyageuza juu na chini, akaniwekea kando.